Dhimma ya Taka Huisha Wapi?

Watu wengi hudhani ya kwamba mtu akishatoa taka nyumbani mwake na kumlipa mchukuzi, dhimma yake imekwisha, na yaliyobaki ni ya serikali. Fikra hii ina sura ya haki, kwani mwenye kulipa amelipa. Lakini tukiipima kwa insafu tutaona ina kasoro, na sisi wa Nyamasaria, ambao mto wetu ukifurika hutuletea majumbani yale yaliyotupwa na wengine, yatupasa tuwe wa mwanzo kuiona.

Sote twalijua jaa la Kachok, karibu na uwanja wa michezo wa Moi. Kwa miongo mingi taka za Kisumu zilimwagwa hapo zote pamoja: maganda ya ndizi, matumbo ya samaki, chupa zilizovunjika, plastiki na betri. Serikali ya kaunti ilipoazimia kulihamisha, wenyeji wa mahali palipotajwa walikataa. Je, walikosea? Hasha. Hapana uadilifu katika kumlazimisha mtu wa shamba apokee uozo wa mji kwa sababu tu anakaa mbali nao. Uchafu uliohamishwa haukuondoka. Umebadilishiwa jirani tu.

Ipo njia bora kuliko kuhamisha. Zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ni vitu viozavyo. Vikitengwa, vikapangwa matuta marefu, vikatiwa maji kwa kiasi na kugeuzwa mara kwa mara ili hewa ipenye, vijidudu huvila, na joto la tuta hupanda kupita digrii 55, likaua viini vya maradhi na mbegu za magugu. Baada ya miezi michache hupatikana mboji ya kurudisha rutuba shambani. Lakini vikikandamana jaani pasipo hewa, hutoa gesi ya methani, na maji meusi ambayo mvua huyateremsha mitoni hata ziwani.

Wenzetu wa Uganda walikwisha kuijaribu kazi hii kwa ukubwa. Mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo, kwa msaada wa Benki ya Dunia, iliyasaidia mabaraza ya miji kama Mbale, Jinja, Soroti na Mukono kupata viwanja vya kufanyia mboji. Katika mambo yaliyowataabisha, moja ni kwamba taka zilifika zimekwisha changanyika. Na mkulima huiogopa mboji yenye vigae vya chupa na vipande vya plastiki.

Hapa ndipo ilipo dhimma yetu. Serikali yaweza kununua magari na mashine na kuajiri watu. Lakini kile ambacho jikoni hutengwa kwa mkono mmoja, watu mia hawakitengi sawasawa kikishasagika ndani ya gari. Kwa hiyo malipo kwa mchukuzi ni ujira wa kubeba tu, wala hayatuvui wajibu wa kutenga.

Atasema mtu: nikitenga mimi, na gari likija likachanganya, nimefaa nini? Hoja hii si ya kubezwa. Katiba ya 2010 imeitia kazi ya taka mikononi mwa kaunti, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 yataka taka zitengwe pale zitokapo. Basi serikali ichanganyayo kilichotengwa na raia imekhini amana. Hata hivyo, kosa la mmoja halimhalalishii mwengine kosa lake. Na asiyetenga hana ulimi wa kudai.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, twawaomba kila nyumba iweke vyombo viwili, kimoja cha viozavyo na kimoja cha vikavu. Kisha mwendeeni mwakilishi wenu wa wadi, mmwulize kwa adabu na bila ya kuchoka: gari la viozavyo litapita siku gani, na lipeleke wapi?