Mwanga Ulipodaiwa Kuchoka

Mwaka 1934 mtafiti aitwaye Gheury de Bray alidai kwamba kasi ya mwanga inapungua mwaka hadi mwaka. Hakuwa mwehu. Alipanga vipimo vya wataalamu kwa tarehe, akaona tarakimu zinashuka.

Na kweli zilikuwa zimeshuka. Mwaka 1926 mwanafizikia Michelson alirusha mwanga kati ya milima miwili ya California, akapata kilomita 299,796 kwa sekunde. Baadaye akaanza kuupima ndani ya bomba la urefu wa maili moja lililoondolewa hewa. Alifariki 1931 kazi haijaisha. Wenzake Pease na Pearson wakaimaliza, na 1935 wakatangaza 299,774. Mwaka 1941 Birge, mpatanishi mashuhuri wa vipimo vya wengine, akaamua: 299,776, kosa kilomita 4.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, wanafizikia Essen na Gordon-Smith kule Teddington, Uingereza, waliacha vioo na mabomba, wakatumia mawimbi mafupi ya redio ndani ya kopo la shaba. Wakapata 299,792. Tofauti ya kilomita 16, mara nne ya kosa alilokiri Birge!

Mwanga haukuwa umechoka wala kupata nguvu mpya. Huenda tatizo lilikuwa wapimaji: aliyepata jibu lililo mbali na la wakubwa alikagua mitambo yake usiku na mchana. Aliyepata linalofanana na lao aliandika ripoti akaenda kulala. Ni kama wenye maduka wanaorekebisha mizani kwa kuchungulia ya jirani: wote watakubaliana, na mteja ataibiwa kote.

Leo dai la de Bray halipimiki kwa mita. Tangu 1983 mita yenyewe hutokana na mwanga, uliopangiwa kasi ya mita 299,792,458 kamili kwa sekunde. Mwanga ukipunguza mwendo, mita nayo itafupika, na tarakimu itabaki ileile. Anayetaka kujua kama maumbile yanabadilika lazima aulize namba tupu, isiyo na mita wala sekunde, kama ile inayokaribia 1/137 inayoeleza nguvu ya umeme ndani ya atomu. Oklo, nchini Gabon, urani iliwaka yenyewe kama tanuri la nyuklia miaka takriban bilioni 2 iliyopita, na mabaki yake yanaonyesha kuwa namba hiyo haijasogea zaidi ya takriban sehemu moja katika milioni kumi. Ila hesabu hiyo nayo huanza kwa kukubali kwamba nguvu inayoshika viini vya atomu ilikuwa ileile wakati huo.