Dhima ya Aandikaye Amri ya Kufuta

Katika nchi iliyo baina ya Korogwe na Handeni, ambako wazee wetu walikata mkonge kwa kipande cha siku 30 na kuitwa manamba, hapana haja ya kumweleza mtu kwamba daftari lina nguvu juu ya nafsi. Maana siku isiyotiwa alama katika kipande ilikuwa siku isiyolipwa, hata kama mikono ya aliyeifanya kazi ilikuwa ingali inawasha kwa utomvu. Mambo ya juzi nayo yamekariri somo hilo: Agosti 2024 tangazo moja la serikali lilifuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya tarafa ya Ngorongoro, walikotoka watu waliohamishiwa Msomera, wilayani Handeni, tangu Juni 2022, na kabla mwezi haujaisha, Mahakama Kuu Arusha ilikuwa imekwisha kusitisha utekelezaji wake. Lilizuilika kwa kuwa baina ya amri na utekelezaji palikuwa na muda, na katika muda ule palikuwa na watu.

Swali langu ni hili: muda ule ukiondoka, na kazi ya kufuta jina ikakabidhiwa wakala asiye binadamu, yaani programu ya akili mnemba isomayo maelezo ya chombo na kukitumia papo hapo, dhima ya kosa huwa juu ya nani?

Fiqhi ya Kiislamu, ambayo makadhi wa pwani yetu waliifuata kwa madhehebu ya Shafii, ina mlango mzima juu ya uwakala, na msingi wake ni kwamba wakala hana ruhusa ila katika aliloidhinishiwa. Lakini wakala wa fiqhi ni mtu mwenye akili timamu, awezaye kuona haya, akasita, akauliza tena. Mashine haina taklifu. Haisimami mbele ya kadhi leo wala mbele ya Mola kesho. Basi dhima haikai kwake, bali hurudi mpaka imkute aliyetoa amri na, kabla yake, aliyeandika maelezo ya chombo. Wala si ajabu kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika sura ya Bakara, inahusu uandishi wa deni.

Na tulitazame jambo kwa karibu. Tuseme chama cha akiba na mikopo mjini Handeni kimempa wakala huyo chombo, na maelezo yake ni maneno mawili tu: "Humwondoa mwanachama." Kuondoa huku ni kusitisha au ni kufuta kabisa? Akiba yake itakwenda wapi? Na ikiwa Rajabu Athumani wako watatu, aondoke yupi? Mwandishi mwenye insafu angeandika hivi: "Hufuta kabisa akaunti moja, kwa namba ya uanachama na si kwa jina. Kilichofutwa hakirudi. Mwanachama akiwa na akiba au deni, chombo kitakataa na kutaja sababu. Kabla ya kukitumia, onyesha jina na namba, ungoje idhini ya katibu. Kwa aliyesafiri, tumia chombo cha kusitisha." Namba, iliyowapa manamba jina lao na ambayo mashambani ilikuwa dharau, hapa ndiyo hifadhi ya mtu asichanganywe na mwenziwe.

Mtu aweza kunijibu kwamba mawakala hawa ni werevu na watalijua kusudi letu. Huenda, lakini dhana yafaa katika jambo liwezalo kutenguliwa. Wanazuoni walipomzungumza mtu aliyepotea, asijulikane yu hai au amekufa, hawakuruhusu mali yake igawiwe kwa uvumi, bali walitaka ushahidi, au upite muda ambao mtu mfano wake haishi tena, na juu ya hayo hukumu ya kadhi, kwa kuwa yakini haiondolewi na shaka. Tena maneno peke yake hayatoshi: Julai 2025 wakala wa kampuni ya Replit alifuta hifadhidata ya mfanyabiashara Jason Lemkin ingawa alikwisha kukatazwa asibadili kitu. Ndiyo maana katika maelezo yale chombo chenyewe kinakataa, wala hakimwachii wakala hiari.

Hata hivyo, hadhari isigeuzwe kisingizio. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatambua haki ya mtu kuomba, kwa masharti yake, taarifa zake zirekebishwe au zifutwe. Na chombo kijidaicho kufuta huku kikibakiza nakala asizozijua mwenyewe kinamdhulumu kama kile kimfutacho asiyetaka. Kwa hiyo maelezo yaseme bayana kinachoondoka na kinachosalia.

Aandikaye maelezo hayo aghalabu hujiona karani wa mwisho, aliyeachiwa kazi ndogo baada ya mafundi kumaliza yao, na kumbe yeye ndiye atoaye hukumu ya kwanza. Maana kila atakalolinyamazia ataliamua wakala asiyeulizwa, na atakayeulizwa ni yeye.