Tandiko Lililochakaa

Neno tandiko lina maana zaidi ya moja. Ni kile anachofungwa farasi au punda mgongoni kabla ya kupandwa, na ni chochote kinachotandikwa chini ili watu wakalie: mkeka, jamvi, majani. Bukoba na Muleba hazikuwahi kuwa nchi ya farasi. Mbung'o na ugonjwa wa nagana viliwazuia farasi kudumu katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, na Buhaya, nchi ya Wahaya wa Bukoba na Muleba, mizigo ilikwenda kichwani mpaka baiskeli na lori zilipofika. Kwa hiyo swali ambalo wafuga farasi hukutana nalo kwenye hatamu zilizokatika na matandiko yaliyochanika, hapa linaonekana kwenye matairi, rimu za magari na majani ya sakafuni. Kitu kilichomaliza kazi yake kinapopewa kazi nyingine, tena kazi ya ibada, kinakuwa nini? Na kile kilichowekwa wakfu kikichakaa, kinaweza kurudi mtaani?

Katika vigango vingi vya vijijini kengele ni rimu ya lori. Hutundikwa kwa mnyororo kwenye tawi la mti pembeni ya kanisa. Matundu ya nati bado yapo. Ukingo lilipokaa tairi umeliwa na kutu, isipokuwa sehemu moja ya upana wa kiganja inayong'aa kwa kugongwa na kipande cha nondo mwaka hadi mwaka. Sauti yake ni kavu kuliko ya shaba, lakini hupita juu ya migomba na kusikika mlima wa pili. Shule ya jirani nayo huwa na rimu yake, na mtoto akiwa bado kitandani anajua ipi inaita darasani na ipi inaita kanisani.

Aristotle alifundisha kwamba kitu hujulikana kwa kazi yake: jicho lisiloona ni jicho kwa jina tu. Lugha ya watu inakubaliana naye. Hakuna asemaye kwamba rimu imelia. Husemwa kengele imelia. Vivyo hivyo tairi lililokatwa likawa kiatu haliitwi tena tairi, ni katambuga. Hata hivyo jibu hilo halitoshi. Matundu ya nati yanashuhudia kwamba chuma hiki kilibeba mzigo barabarani kabla ya kuwaita watu kwenye sala, na anayekigonga anajua hivyo. Kazi imebadilika, lakini historia ya kitu haikufutwa.

Maandiko ya Kiyahudi na ya Kikristo yana mifano kadhaa ya safari ya namna hii. Katika Kutoka 38 vioo vya shaba vya wanawake vinayeyushwa na kuwa birika la kunawia la makuhani. Katika Hesabu 16 vyetezo vya wale walioasi pamoja na Kora vinafuliwa kuwa mabamba ya kufunika madhabahu, kwa sababu vilikwisha kutolewa mbele za Mungu, japo waliovishika waliangamia. Mfano wenye uzito zaidi unahusu farasi mwenyewe. Kwa manabii farasi ni mnyama wa vita na wa majivuno ya wafalme, na katika sura ya 9 ya Zekaria farasi wa vita anaondolewa kabisa Yerusalemu. Katika sura ya 14 ya kitabu hichohicho hafukuzwi tena. Njuga anazovishwa zinaandikwa maneno yaleyale yaliyochorwa kwenye bamba la dhahabu la kilemba cha kuhani mkuu, na vyungu vya kawaida vya nyumba za watu vinahesabiwa kuwa vitakatifu. Hapo utakatifu unatoka nje ya uzio wa hekalu na kukifikia chombo cha safari. Kigango kinachotundika rimu kimelielewa jambo hili bila kuhitaji mfasiri.

Buhaya, chuma kilikuwa na hadhi ya ibada kabla ya kengele yoyote kufika. Huko Katuruka, katika eneo la Maruku wilayani Bukoba, kuna mahali panapoitwa Kaiija, yaani pa kufulia chuma, na simulizi za wazee zinapahusisha na mfalme Rugomora Mahe. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alifuata simulizi hizo, akachimba, na kukuta mabaki ya ufuaji chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Kuyeyusha chuma kutokana na mawe kulififia mwanzoni mwa karne ya 20, chuma cha kigeni kilipokuwa rahisi kupatikana. Wahunzi hawakuacha kazi kwa ajili hiyo. Waligeukia vyuma chakavu na kufua majembe na visu. Mwaka 1976 wazee waliokuwa bado wanakumbuka waliwasha tena tanuri la kiasili, na Schmidt akaandika walichofanya. Kwa hiyo kukipa chuma kikuukuu uhai mwingine ni desturi ya siku nyingi katika nchi hii, na anayeiita dalili ya umaskini tu hajaisoma historia yake.

Kuna pingamizi zito, na ni haki lisikilizwe. Nabii Malaki anawakemea makuhani wanaomletea Mungu wanyama vipofu na vilema, wanyama ambao hata liwali asingewapokea. Kurani nayo, katika Al-Baqara aya ya 267, inakataza kuchagua kibovu na kukitoa sadaka, kitu ambacho mtoaji mwenyewe asingekipokea ila kwa kufumba macho. Je, rimu iliyotupwa gereji si kilema cha namna hiyo? Hapa lazima kutenganisha sadaka na chombo. Mnyama wa Malaki aliletwa awe zawadi yenyewe, na aliyemleta alikuwa na mzima zizini. Rimu ni chombo cha kuita. Tena ina bei: mnunuzi wa vyuma chakavu huipima kwa kilo na kulipa papo hapo, kwa hiyo aliyeitoa bure amejinyima fedha halisi. Pingamizi hubaki na nguvu pale tu ambapo waumini wanamudu kengele nzuri na hawataki kuinunua. Hapo Malaki angekuwa na neno la kuwaambia.

Safari ya kurudi ni ngumu zaidi. Tuseme rimu imepasuka baada ya miaka mingi, haitoi tena mlio, na mnunuzi wa vyuma chakavu amefika na mizani yake. Je, wazee wa kanisa wanaweza kuiuza?

Kwa Wakatoliki swali la kwanza ni kama ilibarikiwa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1171, inataka vitu vilivyotengwa kwa ibada kwa kubarikiwa vitendewe kwa heshima na visipelekwe kwenye matumizi yasiyovifaa, hata vikiwa mikononi mwa mtu binafsi. Sheria ya mwaka 1917 ilikuwa imefafanua zaidi: chombo kilichobarikiwa hupoteza baraka yake kikiharibika hata kisiwe tena na umbo lake wala kufaa kwa kazi yake, na hali kadhalika kikitumiwa kwa mambo ya aibu au kikianikwa kuuzwa hadharani. Kwa kipimo hicho ufa wenyewe umekwisha kuiondoa rimu katika utumishi kabla mizani haijafika. Jengo la kanisa lina utaratibu wake. Kanuni ya 1222 inamruhusu askofu kulitoa kwenye ibada lisipoweza kutengenezwa, mradi lisiwekwe kwenye matumizi ya fedheha. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipobomoa majengo mengi Bukoba, swali la mawe ya nyumba ya sala iliyoanguka lilikuwa swali la kweli.

Kwa Walutheri, ambao Dayosisi yao ya Kaskazini Magharibi ina makao yake Bukoba, mambo ni mepesi zaidi. Mafundisho yao juu ya Meza ya Bwana yanasema hakuna sakramenti nje ya matumizi yaliyoagizwa, na anayeendelea na fikra hiyo ataona kwamba chuma kisichoita tena ni chuma.

Fikihi ya Kiislamu ndiyo iliyochimba suala hili kwa kina kuliko wote, kwa sababu wakfu ni mali iliyofungwa isiuzwe. Waislamu wengi wa Sunni wa Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya Shafii, yenye msimamo mkali kuhusu kuuza wakfu. Hata hivyo Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, anatamka katika kitabu chake Minhaj kwamba kauli iliyo sahihi zaidi ni kuruhusu kuuzwa kwa mikeka ya msikiti iliyochakaa, na magogo yake yaliyovunjika yakawa hayafai ila kuni. Thamani yake hurudi kwenye maslahi ya msikiti. Wahanbali wanakwenda mbali zaidi. Ibn Qudama, mwanachuoni wao aliyefariki mwaka 1223, anamtaja farasi wa wakfu aliyetolewa kwa jihadi: akizeeka asifae tena vitani, huuzwa, na kwa thamani yake hununuliwa kinachofaa kwa kazi ileile. Farasi anaondoka, nia inabaki na kupata mgongo mwingine.

Kuna mpaka ambao bei haivuki. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Umar, sahaba wa Mtume, alimtoa farasi kwa njia ya Mungu, na aliyepewa akamtunza vibaya. Umar akafikiri kumnunua tena, maana angeuzwa rahisi. Mtume alimkataza, hata kama angempata kwa dirhamu moja. Uchakavu wa kitu hauwi mlango wa mtoaji kujirudishia alichotoa.

Kati ya majibu haya, la Ibn Qudama ndilo linaloifaa zaidi rimu iliyopasuka: iuzwe, na fedha iende kwenye rimu nyingine, bila kuingia mfukoni mwa yeyote. Linaheshimu kilichochakaa bila kukifanya sanamu. Sanamu nayo ni hatari ya kweli. Katika 2 Wafalme 18, mfalme Hezekia alimvunja nyoka wa shaba aliyetengenezwa na Musa, kwa sababu watu walikuwa wamefikia kumfukizia uvumba.

Kwenye nyumba za Kihaya kuna jambo dogo lisilohitaji hukumu ya mwanachuoni. Majani mabichi hutandikwa sakafuni, na juu yake wageni hupokelewa, watu husali, wafiwa huketi. Yakikauka na kukatikakatika hukusanywa na kupelekwa kibanjani, yakafunika udongo kwenye mashina ya migomba. Hakuna anayeona kwamba msiba umedharauliwa.

Vipo pia vitu visivyopewa kazi nyingine ya mtaani. Kurasa zilizochakaa za Kurani huzikwa mahali safi au huchomwa ili jina la Mungu lisikanyagwe. Matawi ya Jumapili ya Matawi, ambayo waumini huenda nayo nyumbani, hukauka mwaka mzima, kisha hurudishwa parokiani na kuchomwa kabla ya Kwaresima. Majivu yake hupakwa kwenye vipaji vya nyuso Jumatano ya Majivu, na yanayobaki hutiwa ardhini.