Sadaka ya Tajiri ni ya Nani?

Yako masuala ambayo mtu huyadhania mepesi mpaka ayapime. Mojawapo ni hili: tajiri anapojenga skuli, na jina lake likaandikwa juu ya mlango, je, sadaka ile ni yake peke yake?

Natutazame mfano ulio karibu nasi. Allidina Visram alizaliwa Kutch, Bara Hindi, mwaka 1851. Akavuka bahari angali mtoto, akaingia kazini Bagamoyo katika biashara ya ukoo wa Sewa Haji Paroo. Biashara ya zama zile ilikuwa nguo: merikani, kaniki na shanga zikipelekwa bara, na pembe za ndovu zikirudi pwani. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 iliposonga mbele, maduka yake yaliifuata. Mwaka 1901 reli ilipita hapa Muhoroni, ikafika ziwani Kisumu, na biashara yake ikatanda mpaka Uganda. Wala hakutosheka na kuuza nguo zilizofumwa na wengine. Aliweka viwanda vya kuchambulia pamba, na vya kukamulia mafuta ya ufuta na ya nazi. Akafariki mwaka 1916.

Mwaka 1923 ikafunguliwa Mombasa skuli yenye jina lake. Aliyeijenga ni mwanawe, Abdulrasul, kwa kumkumbuka baba yake, kisha akaikabidhi serikali. Basi jina ni la baba, na mkono uliotoa ni wa mwana. Hapo tayari wenye sadaka wamekuwa wawili.

Lakini tusiishie hapo. Mali ile ilitoka wapi? Yuko mpagazi aliyebeba mtumba wa merikani kichwani, mwendo wa miezi. Yuko mkulima aliyepalilia pamba juani, na mama aliyepepeta ufuta. Yuko na mnunuzi maskini aliyeongeza senti juu ya bei ya kitambaa. Hao wote majina yao hayamo ukutani, na hali jasho lao limo ndani ya kila jiwe.

Atasema msemaji: “Rasilimali ilikuwa yake, na lau ingalipatikana hasara, ingalikuwa yake.” Neno hili ni la haki, wala hatulikatai. Wengi walitajirika kwa jasho la watu na hawakuacha hata kisima. Kwa hivyo natupambanue mambo mawili: nia ya kutoa ni ya mtoaji, na thawabu yake haina mshirika; ama mali, hiyo imepita mikono mingi kabla ya kufika mkononi mwake. Mwenye kulijua hili hatatoa kwa kiburi, wala hatapunja ujira wa kibarua Jumatatu ili apate kusifiwa kwa ukarimu Ijumaa. Haki ya mfanya kazi ni deni, na deni hulipwa kabla ya sadaka.

Tena tazameni mwisho wake. Milki ile kubwa ya maduka na viwanda ilivunjika miaka michache tu baada ya kufa mwenyewe, lakini skuli ingali yafundisha hata leo. Mali iliyozuiliwa nyumbani ilitawanyika, na iliyotolewa ikapata walinzi wengi: walimu wakaisomeshea, wazazi wakaileta watoto, na zama za kutenga watoto kwa rangi zilipopita, ikawapokea wote.

Ndugu zangu, sisi tuliofuata reli kutoka pwani mpaka miji hii ya bara tumezoea kusema: “Tukipata tajiri, tutajenga chuo.” Huko ni kungoja mtu atukusanyie jasho letu wenyewe, kisha tumshukuru kwa kuturudishia sehemu yake. Senti ya mchuuzi na shilingi ya kibarua ndizo zilizomfanya tajiri kuwa tajiri; zikikusanywa kwa amana na hesabu iliyo wazi, zaweza kujenga bila ya kumpitia yeye. Naye akija, karibu, atie fungu lake pamoja na wenziwe.

Wallahu aalam.