Nani Amdhamini Mzushi?

George Psalmanazar alipoingia London mwaka 1703 alikuwa mweupe wa ngozi, na inaelekea alizaliwa kusini mwa Ufaransa. Akajitangaza mzawa wa Formosa, kisiwa kinachoitwa leo Taiwan. Alipoulizwa mbona hafanani na watu wa Mashariki, alijibu kwamba wakubwa wa kwao hukaa chini ya ardhi, jua haliwapati. Mwaka 1704 akachapisha kitabu kuhusu nchi ambayo hajawahi kuikanyaga: alfabeti, mavazi, dini, na kafara ya wavulana 18,000 kila mwaka. Nyama aliila mbichi, watu wakimtazama. Mwanafalaki Edmond Halley alimbana kwa maswali ya jua, kijana hakutikisika. Kanuni yake ilikuwa kutofuta neno lolote lililokwisha kumtoka, hata likiwa kioja.

Ni rahisi kuwacheka waliomwamini. Lakini kitabu kilinunuliwa kwa sababu wasomaji walikuwa na Mashariki yao tayari vichwani, yenye damu na maajabu. Psalmanazar aliijazia tu majina.

Kipimo hicho, cha kumtambua mtu kwa picha iliyo kichwani mwa mtazamaji, kikiletwa Kitengela, mji wa Umaasaini kusini mwa Nairobi, kinaumbuka upesi. Mkaputiei, yaani Mmaasai wa hapo, anayeshuka matatu akiwa na suti na kompyuta begani, jioni akampigia simu mchungaji wake kuuliza habari za ndama, angefeli mtihani wa mtalii. Kijana wa kabila lolote aliyejifunga shuka nyekundu ufukweni Mombasa angefaulu. Pwani, vijana wa Kisamburu wamezoea kuitwa Wamaasai kwa kuwa ndilo jina mgeni alilokuja nalo. Kitabu cha mwandishi Corinne Hofmann cha mwaka 1998 kinataja Umaasai kwenye jina lake, ilhali mume wake anayesimuliwa humo ni Msamburu.

Kuna kisa cha ajabu zaidi. Katika shamba la familia ya Mayers, Bonde la Ufa, Wamaasai halisi waliwachezea watalii ngoma hadi miaka ya 1980 ikielekea mwisho. Waliagizwa wafiche saa za mkononi, fulana na redio zao. Hakuna aliyedanganya kuhusu kabila lake, lakini onyesho zima lilikuwa la uongo. Basi ukweli wa asili hauwezi kukaa kwenye vazi, wala kwenye imani ya mtazamaji.

Labda unakaa kwenye madeni. Mmaasai ana ukoo, tuseme Ilmolelian au Ilaiser. Ana rika lililotahiriwa pamoja naye. Ana wakwe wanaojua bado anadaiwa ng'ombe wangapi. Wapo watu wanaoweza kumdai, kumtoza faini, kumkatalia binti. Psalmanazar hakuwa na hata mmoja. Mformosa aliyekuwepo London ni yeye peke yake, na upweke huo ndio uliomlinda: nani angemwita kwenye mazishi?

Kwa kipimo hiki, kugeuka si kulaghai. Zamani za ukoloni Wakikuyu kadhaa waliingia Umaasaini, Ngong na kwingineko, wakaoa, wakapokelewa katika koo. Kuzaliwa kwao kulikuwa kwingine, hilo halikuwa siri, na wadai walikuwepo.

Ila hoja ina ufa. Dhamana hutolewa na watu, na watu huigeuza. Malisho yalipobana na serikali ya kikoloni ikaanza kutafuta nani afukuzwe, yule aliyekuwa shemeji aliweza kuamka mvamizi bila yeye kubadili chochote. Je, alikuwa amekuwa Mmaasai kweli, au aliazimwa tu? Anayejibu kwamba ukoo ndio uamuzi wa mwisho, lazima akubali pia kwamba ukoo unaweza kusema uongo, hasa penye ardhi.

Na Kitengela ardhi ndiyo habari yenyewe. Mashamba ya pamoja yaligawanywa, ploti zikauzwa, na wanunuzi wakaja kutoka Ukambani, Kisii, Murang'a. Wengi wao hawajavaa shuka wala hawadai ukoo wowote wa Kimaasai. Wana hatimiliki, kanisa, na watoto waliozaliwa hapo. Wanajiita watu wa Kitengela, na hawamdanganyi mtu.