Mashine Inayojiendesha

Je, kuchagua jina lenye kodi nafuu ni kusema uongo? Swali hili nimelibeba tangu siku niliyoandika jina la rola moja kwenye fomu ya forodha, na kila nikidhani nimelitua, nalikuta tena begani.

Mimi ni karani wa mambo ya forodha. Naishi Ruiru, na wateja wetu wengi wako kati ya hapo na Thika: wenye hadwea, wenye kukodisha mashine, makandarasi wadogo wanaotengeneza barabara za ndani kwenye mashamba ya kahawa yaliyokatwa ploti. Mzigo ukifika Mombasa, au ukisafirishwa hadi bandari kavu ya Embakasi, lazima mtu aiambie serikali ndani ya kontena kuna nini. Mara nyingi mtu huyo ni mimi. Na haitoshi kuandika "mashine ya barabara." Lazima niandike nambari.

Nambari hizo hutoka kwenye mfumo wa HS wa Shirika la Forodha Duniani, ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Tarakimu 6 za mwanzo ni zile zile katika kila nchi inayoutumia. Sisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tunaongeza 2 zetu. Orodha yetu ya ushuru wa pamoja ilianza mwaka 2005. Kwa jumla, malighafi na mitambo ya uzalishaji iliwekwa asilimia 0, bidhaa za kati 10, na bidhaa zilizokamilika 25. Mwaka 2022 likaongezwa kundi la 35. Juu ya hapo kuna VAT na ada nyingine. Kwa hivyo jina ni pesa. Mashine ya shilingi milioni 3 ikihama kutoka kundi la 0 kwenda la 10, hizo ni laki 3, kabla hujamlipa dereva wa lori.

Sasa chukua rola. Kazi yake unaijua: ngoma nzito ya chuma inapita juu ya udongo na kuushindilia, ili mvua ya Aprili isiubebe na lori lisizame. Ukiisimamisha kando ya barabara, mtoto yeyote wa Kihunguro atakwambia ni nini. Lakini kwenye kitabu cha ushuru rola ina ndugu watatu, na kila mmoja ana nyumba yake. Rola inayojiendesha, yenye injini inayozungusha magurudumu au ngoma, iko kifungu cha 84.29, pamoja na matingatinga na mashine za kuchimba. Nambari yake ni 8429.40. Ile isiyojiendesha, ambayo ni lazima ivutwe na trekta, inahamia 84.30. Halafu kuna rola ya kulainisha nyasi za bustani na viwanja vya michezo. Hiyo iko 84.32, inakaa na majembe ya trekta na mashine za kulimia.

Chuma ni kile kile, kazi inakaribiana. Kinachozitenganisha ni maswali mawili: nani anaisukuma, na imetengenezwa kwa ajili gani?

Iliyonitesa mimi ilikuwa rola ndogo ya ngoma mbili, ile ambayo mwendeshaji hutembea nyuma yake akishika usukani wake mrefu. Bosi wangu alikuwa amesikia kwamba mashine za kilimo zinapata unafuu. Akaja mezani kwangu na kikombe cha chai.

"Hii kitu kazi yake ya kwanza ni wapi?"

"Ni ile shule hapa Ruiru. Kusawazisha uwanja wa mpira."

"Sasa si huo ni uwanja wa michezo? Andika ya uwanja wa michezo."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikaandika.

Angalia vizuri hapo. Hakuna neno la uongo lililotamkwa. Ilikuwa rola. Ilikuwa inaenda uwanjani. Uwanja ulikuwa wa michezo, na nimeona kwa macho yangu watoto wakicheza pale. Ukinipeleka kanisani au msikitini niape kwa kila neno peke yake, naapa bila kutetemeka. Ni maneno hayo yakikusanywa pamoja ndipo yanamdanganya msomaji.

Maana kanuni ninaijua, na hapo ndipo sina pa kujificha. Bidhaa huainishwa jinsi ilivyo siku inapoingia nchini. Mipango ya mnunuzi kwa Jumatatu ijayo haiibadilishi. Kisu cha jikoni hakigeuki kifaa cha hospitali kwa sababu kimenunuliwa na daktari. Na mezani kwangu kulikuwa na kabrasha la mtengenezaji, lenye picha za mitaro, lami na kingo za barabara. Nyasi hazikuwemo hata ukurasa mmoja. Nililifunga kabrasha kwanza, ndipo nikaandika. Mkono uliofunga lile kabrasha ulijua unachofanya.

Mtu atanijibu: lakini wewe, kila mfanyabiashara duniani hutafuta jina lenye nafuu. Ni kweli, na sidhani kwamba kufanya hivyo peke yake ni dhambi. Kuna kesi moja maarufu ya Marekani, iliyoamuliwa mwaka 2003. Kampuni ya Toy Biz ilikuwa inaingiza sanamu ndogo za kuchezea za X-Men, wale mashujaa wa katuni wenye nguvu za ajabu. Kama sanamu inawakilisha binadamu, ilihesabiwa kuwa mwanasesere na kutozwa asilimia 12. Kama inawakilisha kiumbe kisicho binadamu, ilikuwa kitu cha kuchezea tu, asilimia 6.8. Kampuni ikaenda mahakamani kutetea kwamba mashujaa wake si binadamu. Ikashinda. Wapenzi wa katuni hizo walichukia, kwa sababu hadithi nzima ya X-Men ni ya watu wanaodai kwamba wao pia ni watu.

Unaweza kuicheka kampuni hiyo kwa kuwakana watoto wake ili iokoe ushuru. Lakini haikudanganya. Ilisimama mbele ya hakimu, sanamu zikawekwa mezani, mwanasheria wa serikali akajibu hoja kwa hoja, na uamuzi ukaandikwa ambapo kila mtu angeusoma. Hata hapa kwetu mlango upo. Kama kweli una shaka, unaweza kuiandikia KRA, ukaambatisha maelezo na picha za mashine, ukaomba uamuzi wa nambari kabla mzigo haujaingia. Bosi hakutaka tuandike barua hiyo. Na mimi sikuipendekeza, kwa sababu sote wawili tulijua jibu lingekuwa gani.

Hapo ndipo nilipoipata tofauti niliyokuwa naitafuta. Jina la nafuu ni halali kama unaweza kulitaja kwa sauti mbele ya mashine yenyewe, afisa akisikia, mwendeshaji akisikia, na mshindani wako akisikia. Jina linalohitaji kabrasha lifungwe kwanza ni uongo, hata kama limejengwa kwa matofali ya kweli tupu.

Mshindani nimemtaja kwa sababu ndiye aliyeniamsha. Kuna mama mmoja Thika, upande wa Makongeni, anayekodisha mashine za ujenzi. Huwa tunakunywa chai kwake nikipita. Yeye alileta rola kama hiyo hiyo na akaandikisha kwa nambari yake halisi. Gharama ikapanda, bei yake ya kukodisha ikapanda nayo. Siku moja akanimiminia chai, akakaa, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Kijana wangu, kwani nyinyi mnafanyaje? Kazi mbili mmenichukulia mwezi huu. Mimi nikipiga hesabu yenu haitoshi hata mafuta."

Nikamwambia, "Mama, ni kujua kununua tu."

Kule ofisini niliweza kujiambia kwamba niliyemkosea ni serikali, na serikali, kama tunavyopenda kusema tukiwa kwenye matatu, nayo si inatuibia? Ni hoja tamu hiyo. Inakufanya ujione kama mtu anayejirudishia chake. Lakini pale Makongeni palikuwa na kikombe cha chai na mtu aliyelipa alichotakiwa kulipa, na sasa alikuwa anatafuta kosa katika hesabu yake mwenyewe. Aliamini kwamba hajui biashara. Neno nililoandika kwenye fomu lilikuwa limesafiri kutoka Ruiru hadi kwenye meza yake na kumfanya ajione mjinga. Na nikamwongezea uongo wa pili, huu sasa wa wazi, ili kuulinda ule wa kwanza.

Kiswahili kina silabi moja ndogo inayonisumbua siku hizi: ji. Mashine inayojiendesha. Ukifikiri vizuri, hakuna rola inayojiendesha kweli. Kuna mtu ameiwasha, mtu anaishika, mtu anaijaza dizeli. Sheria haijali hayo. Inachouliza ni kama nguvu ya kuisogeza imo ndani yake au inatoka kwa kitu kingine kinachoivuta. Kama imo ndani, inajiendesha.

Siku ile bosi alipoona nasitasita aliniambia, "Wewe ni karani tu. Mzigo ni wangu." Nilikubali haraka sana, maana ilikuwa raha kuwa ngoma inayovutwa. Trekta likienda mtaroni, kosa ni la trekta. Lakini sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 haimwachii wakala pumziko hilo. Anayetoa tamko kwa niaba ya mwenye mzigo hubeba wajibu pamoja naye. Zamani niliuona kama ukali usio na haja. Sasa naona kuna ukweli ndani yake. Aliyesoma kabrasha ni mimi. Aliyejua kanuni ni mimi. Nguvu ya kuusogeza mkono ilikuwa ndani yangu. Bosi aliniwasha tu.

Rola iliyofuata niliiandika 8429.40, na nikamwambia bosi kabla sijaituma fomu. Alikasirika. Wiki mbili alinisalimia kama mgeni, halafu mizigo mingine ikafika na maisha yakaendelea. Sikufukuzwa, kwa hivyo sina ushujaa wa kusimulia. Najua wapo walioandika jina la kweli wakapoteza kazi, na sitaki kujiweka kwenye foleni yao.

Ile ya kwanza bado iko kazini. Niliiona juzi njia ya Kamakis, mwendeshaji akitembea nyuma yake polepole, inashindilia udongo mwekundu kabla ya kabro kuwekwa. Uwanja wa shule iliufanyia siku tatu tu katika maisha yake yote.

Na Thika bado napita. Yule mama bado ananimiminia chai na kuniita kijana wangu. Kuirekebisha fomu ni jambo la barua, hesabu na adhabu, na nimeanza kuzungumza na bosi juu yake. Ila kile nilichomwambia Makongeni hakina fomu ya kukirekebisha. Lazima nikae pale, nishike kikombe, nifungue mdomo. Mara tatu sasa nimekunywa chai hadi ikaisha, nikaaga, nikaondoka.