Je, Siri ya Damu Ni ya Mtu Mmoja?

Tangu kale watu wameona ya kuwa magonjwa mengine huandama ukoo: bibi hufa kwa saratani ya titi, kisha binti yake, kisha mjukuu. Wengine walisema ni laana. Mwaka 1990 Bibi Mary-Claire King, mtaalamu wa Marekani, alionyesha ya kuwa katika jamaa za namna hiyo chanzo chaweza kuwamo katika urithi wa mwili. Mwaka 1994 jeni yenyewe ilipatikana, ikaitwa BRCA1. Na mwaka 1995 ya pili, BRCA2. Kazi ya jeni hizi ni kutengeneza palipoharibika ndani ya chembe za mwili. Zikiwa na kasoro, saratani hupata njia.

Saratani nyingi za titi hazitokani na urithi. Katika 100 ni kama 5 hadi 10 tu. Lakini wanawake 100 wenye kasoro hiyo, wapatao 70 huugua kabla ya kutimiza miaka 80. Leo mtu aweza kupimwa damu au mate akajua. Akiisha kujua, aweza kuchunguzwa kila mwaka, au kukatwa matiti kabla ya ugonjwa.

Basi, aliyeonekana na kasoro, je, yampasa kuwaambia ndugu zake? Kila mtoto wa mzazi mwenye kasoro aweza kuirithi au kutoirithi, nusu kwa nusu. Wala si binti tu, maana mwanamume naye huwapa watoto wake, ingawa mwenyewe hakuugua.

Wako wasemao, “Mwili ni wangu, na habari ni yangu.” Neno hili lina haki ndani yake, kwa kuwa msichana aliyetangazwa aweza kukosa mchumba naye ni mzima. Walakini jeraha la mguu ni la mwenye mguu, bali urithi ni kama kisima cha ukoo. Aliyeona ubovu wa maji akanyamaza, amewanyima wenzake nafasi ya kujilinda. Wahenga walisema, Mficha maradhi kilio humfichua. Hapa kilio chaweza kuwa cha dada yake.

Na ndugu asiyetaka kujua? Asilazimishwe. Yatosha kumwambia, “Liko jambo katika ukoo wetu, ukitaka, nitakueleza.” Kweli, hata neno hilo dogo laondoa utulivu. Lakini mtu asiyejua ya kuwa kuna la kuchagua, hakuchagua kutojua.

Nanyi wazee na walimu mwitwao katika mashauri ya jamaa, msimhukumu upesi anayekawia kusema, wala msimtangaze. Kaeni naye mpaka apate moyo. Ila msimshauri kamwe anyamaze hata mwisho.